Vinara vya Bibi Mdogo

Wapo wanaoweka akiba ya ng'ombe, wapo wanaoweka akiba ya mabati. Bibi yangu aliweka akiba ya vinara viwili vya chuma vya kusimamisha kichwani mwa jeneza. Jeneza lenyewe hakuwa nalo, wala ugonjwa. Alikuwa mzima kabisa, analima mpunga wake ng'ambo ya mto Lumemo, na akiamua kukufokea sauti yake ilifika barabarani. Vinara vilikaa chini ya kitanda chake ndani ya gunia la mbolea, na mimi nililala chumba hicho hicho, kitanda cha pili, kwa sababu nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi na nyumba za walimu zilikuwepo kwenye hotuba tu.

Hiyo ilikuwa Mlabani, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Babu alikwishafariki. Aliacha wake wawili. Wa kwanza, tuliyemwita bibi mkubwa, alifunga naye ndoa kanisani, kwa kengele na shela. Wa pili alikuwa bibi yangu, bibi mdogo, aliyeolewa kienyeji na kumzaa baba yangu na baba mdogo. Nyumba zao zilitazamana uani. Walichangia kisima na choo, na hawakuchangia kitu kingine, hata salamu ilikuwa ya kukohoa. Mwanaume waliyemgombea alikuwa chini ya udongo, amepumzika, lakini wao hawakuona sababu ya kupumzika.

Ili mtu aelewe habari ya vinara, inabidi nieleze kanisa letu. Pale mbele, karibu na altare, palikuwa na vinara viwili vyeusi vya chuma, vinavyomfikia mtu kiunoni. Ilisemekana mapadre wa kwanza walivitoa Ulaya, vikashushwa pwani, vikabebwa vichwani na wazee wetu mpaka bondeni. Kwenye misa ya maziko vilisimamishwa kushoto na kulia kwa jeneza, na mishumaa minene ikawashwa. Watu wetu wengi ni wakulima ambao wazazi wao waliteremka kutoka upande wa Mahenge, na Ukatoliki wao hauna mchezo. Ukisimamishiwa vinara, ilijulikana umekwenda vizuri. Usiposimamishiwa, katekista alikuja kukuombea nyumbani haraka haraka, kama mtu anayewahi basi la Kidatu, na waombolezaji walirudi makwao wakiongea kwa sauti ya chini.

Bibi alikuwa kwenye kundi la pili. Maisha yake yote ya ndoa alikaa benchi la nyuma, wenzake wakienda kukomunika yeye anabaki kushika watoto wao. Babu alipofariki, katekista alikuja kwake na habari njema. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu mwema, ila alipenda utaratibu kuliko chakula.

"Mama, sasa kikwazo kimeondoka," akamwambia. "Nenda kwa padre, ungama, sema tu unajutia kuishi na yule mzee bila ndoa. Basi. Unarudi kundini."

"Nijutie nini?"

"Kuishi naye."

Bibi alifikiri kwa uaminifu. "Nimejutia kukoroma kwake," akasema. "Nimejutia pombe yake ya sikukuu. Kuishi naye sijajuta. Watoto wangu wote nimewapata humo. Unataka nikamwambie padre kuwa nimewazaa kwa bahati mbaya?"

"Ni sentensi moja tu, mama."

"Basi iseme wewe, kama ni nyepesi."

Katekista alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alimweleza kwa upole kwamba kwa hali hiyo hataweza kusimamishiwa vinara siku yake. Bibi akamjibu kwa upole ule ule kwamba hajaomba vya parokia. Wakaagana vizuri kabisa, akampa na mhogo wa kwenda kula. Jioni ile ile akamwita baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa mhunzi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba: kipande cha reli kilichozikwa nusu ndicho fuawe lake, mkaa kwenye shimo, na feni aliyoitengeneza kwa gurudumu la baiskeli badala ya mivukuto ya ngozi aliyoirithi kwa babu. Alifua mapanga, mundu za kuvunia mpunga, na bawaba za milango. Kusikia mama yake anataka vinara vya msiba wake mwenyewe, hakushtuka. Alikuwa mtoto wake, alishazoea.

"Nitakuchomelea nondo mbili," akasema. "Kesho kutwa unavipata."

"Sitaki nondo. Nataka kama vile vya kanisani, vile vile. Na visionekane vya jana. Mtu akivitazama aone vimekuja na meli."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana baba mdogo hakuwa ameingia kanisani tangu harusi yake. Jumapili iliyofuata akaenda, akakaa benchi la mbele kabisa. Misa nzima hakuondoa macho pale altareni. Wakati wa mahubiri alikunja uso kwa mawazo, wakati wa mageuzo midomo yake ilikuwa inacheza. Watu waliona mtu anasali. Mimi niliyekaa nyuma yake nilimsikia ananong'ona: "Pete imeingia ya moto... halafu ikabana..." Jumapili ya pili akarudi, na ya tatu. Katekista alimtaja kwenye matangazo, bila kumtaja, kama mfano wa mwanaume aliyeguswa na neema. Zamu ya jumuiya yetu ya kufagia kanisa ilipofika, alikuja na ufagio mwenyewe, kitu ambacho wanawake hawakuwahi kukiona tangu kanisa lijengwe. Wao walifagia, yeye akavipima vinara kwa ukindu, akipiga fundo kila mahali palipo na kona. Mwaka haujaisha akachaguliwa kuingia halmashauri ya parokia.

Nyumbani alitueleza alichokiona, na sijapata kumsikia anaongea kwa heshima namna ile juu ya mtu asiyemjua. Vile vinara, alisema, havikutoka kiwandani. Kuna mtu huko alikokuwa alivifua kwa moto na nyundo. Mti wa kinara ulikuwa chuma cha mraba, na katikati kilisokotwa kikiwa chekundu, kona zake zikazunguka kama kamba. Mwisho wa chini kilipasuliwa kwa patasi mara tatu, vipande vikakunjwa nje vikawa miguu, kwa sababu miguu mitatu husimama hata kwenye sakafu mbovu. Juu palikuwa na kisahani cha kudaka nta, na katikati ya kisahani msumari mnene wa kuchomeka mshumaa. Hapakuwa na mahali palipochomelewa. Kisahani kilishikwa na pete ya chuma iliyovishwa ya moto na kuachwa ipoe, ikajibana yenyewe.

Baba mdogo alipata chuma cha mraba kwenye trela bovu la kubebea miwa, lililoachwa kando ya barabara huku Mkula mpaka nyasi zikaota ndani yake. Visahani alivitoa kwenye majembe ya Bibi yaliyolika, yaliyobaki na upana wa kiganja. Bibi aliyatoa kwa shingo upande, akiyataja kila moja lililima wapi. Kusokota ndiko kulikomtoa jasho. Alibana ncha moja kwenye jiliwa, nyingine akaishika kwa spana kubwa, akazungusha. Pale moto ulipokuwa mkali zaidi chuma kilijisokota kupita kiasi, pale ulipofifia kikakataa, na cha kwanza kikatoka kimekunjamana vibaya. Alikitupa. Alijifunza kukipoza kwa matone ya maji, hapa kidogo, pale kidogo, mpaka wekundu ulingane, ndipo anazungusha bila kusita. Feni nilizungusha mimi nikitoka shule, gauni la ualimu nimelifunika kwa khanga, na wazazi wa wanafunzi wangu wakipita wanasema shikamoo mwalimu kwa sauti ya mashaka.

Kisha ukaja ugomvi wa mguu. Kinara kimoja cha kanisani kilikuwa na mguu mfupi, na chini yake paliwekwa kipande cha kigae. Baba mdogo alifua vyake vyote sawa, vikasimama imara, akamwita mama yake aone. Bibi aligusa kimoja, hakikutikisika, akanuna.

"Cha padre kinachechemea."

"Mama, lile ni kosa. Aliyekifua alikosea."

"Basi na wewe kosea."

Nilimwona mtu mzima anakata mguu mzuri wa chuma alioutengeneza kwa mikono yake, kidogo tu, huku anauma meno. Fundi kuambiwa atengeneze ubovu ni adhabu. Alipomaliza, Bibi alikitikisa, kikachechemea, akaridhika.

Ilibaki habari ya uzee. Alivipasha moto akavipaka oili chafu na nta ya nyuki, vikawa vyeusi lakini vya kung'aa, vya jana. Akavizika kwenye tope la mpunga masika yote. Vilipofukuliwa vilikuwa vimeliwa na kutu vidoa vidoa. Akavisugua, akavipaka tena, akavining'iniza jikoni kwa Bibi juu ya moshi. Vilipoteremshwa, hata mimi niliyezungusha feni niliingiwa na mashaka. Ungesema vilitoka Ujerumani, ningekubali.

Siku ya kuvipokea, Bibi alitandika mkeka sebuleni, akavisimamisha pande mbili, akalala chali katikati, akakunja mikono kifuani.

"Washa," akaniambia. "Kasimame mlangoni, uniambie naonekanaje."

Nikawasha, nikasimama mlangoni. "Unapendeza, Bibi."

"Pua je?"

"Pua iko sawa."

"Ile ya yule mwenzangu ng'ambo ya ua haitaonekana vizuri kwa taa hii. Fupi."

Nilicheka, kisha nikaogopa, kwa sababu alifumba macho vizuri mno. Nilimwambia aamke, chai inapoa. Hapakuwa na chai.

Vinara havikulala chini ya kitanda muda mrefu. Uliingia mgao wa umeme. Umeme ulitengenezwa hapo Kidatu, karibu kiasi kwamba mtu mwenye hasira angeweza kuufuata kwa baiskeli, lakini ulikuwa na shughuli muhimu mijini, sisi ukatupitia tu. Nilisahihisha madaftari ya darasa la nne kwa mwanga wa vinara vya maiti, na Bibi alichambua mchele upande wa pili, akinikumbusha nisidondoshee nta mahali atakapohitaji pasafi.

Wakati huo huo, parokia iliamua kuendelea. Alipita mtu mmoja kutoka mbali, mnunuzi wa vitu vya kale, akavisifia vile vinara vya kanisani mpaka halmashauri ikaona aibu kuwa navyo. Wakamuuzia, na mahali pake wakaweka mishumaa ya umeme: mirefu, myeupe, ya plastiki, yenye balbu iliyochongoka kama ulimi wa moto, isiyodondosha nta wala kuzimwa na upepo. Baba mdogo alikuwa mjumbe. Nilimuuliza alisema nini kikaoni. Akanijibu kwamba aliunga mkono maendeleo. Halafu akacheka peke yake njia nzima.

Mishumaa ya umeme ilifanya kazi vizuri kwenye majaribio. Kwenye maziko ya mzee mmoja mashuhuri, mwenye mashine ya kukoboa, umeme ulikatika katikati ya misa. Jeneza likabaki kwenye giza la mvua, miti miwili ya plastiki imesimama kando yake, na mjane akauliza kwa sauti, kanisa zima likisikia, mume wake amefanya nini. Katekista alipiga hodi kwetu siku iliyofuata. Alikuwa na msiba mwingine mkononi, na alikwishaambiwa na wanawake wa jumuiya kilichomo kwenye gunia la mbolea.

"Mama, hujambo."

"Sijambo. Umekuja kuniletea ile sentensi?"

"Nimekuja kuazima vinara."

Bibi alimwacha asimame kidogo, kisha akampa kiti. Hakumcheka. Alimuuliza marehemu ni nani, kama alikuwa anasalimia watu, kama alikuwa anamtunza mama yake. Katekista akajibu yote, mikono magotini. Mwishoni Bibi akaitikia kwa kichwa: huyo anafaa, vichukueni, na kile chenye mguu mfupi kiwekeeni kigae.

Ikawa ndiyo kawaida. Mwanamke asiyeruhusiwa kukaribia altare ndiye aliyekuwa anapitisha nani aagwe kwa heshima. Maswali yake yalikuwa magumu kuliko ya padre. Mwanaume mmoja aliyejulikana kwa kumpiga mkewe alipofariki, Bibi alisema huyo apewe vya umeme, na umeme siku hiyo haukuwepo. Nilimwambia anakufuru. Akaniambia nimalize ugali.

Miaka ikasogea. Mwaka ule wa mvua za Elinino, Lumemo ulipotoka kwenye mkondo wake ukaingia mashambani, bibi mkubwa aliugua kifua na hakupona. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Asubuhi moja nilikuwa nafagia, nikamwona anavuka ua kwa kushika ukuta, kisha nguzo ya kamba ya nguo, kisha mlango wetu. Hakuwahi kuingia nyumba ile tangu nizaliwe. Alikaa kwenye kitanda changu akahema.

"Mdogo wangu," akamwambia Bibi. "Nitavihitaji."

Hakuna aliyeuliza atahitaji nini.

"Wewe ni mtu wa kanisa," Bibi akasema. "Una haki zako zote."

"Haki ninazo. Vinara unavyo wewe."

Bibi alikuwa anasuka mkeka, hakuacha kusuka. "Mimi niliambiwa niseme sentensi moja ndipo nipewe. Nikashindwa. Na wewe nikuombe sentensi moja. Waambie jumuiya nilikujaje katika mji huu."

Nilidhani nitasikia matusi. Miaka yote bibi mkubwa alikuwa anahurumiwa na parokia nzima kwa kuletewa mke mwenza, aliombewa, alipewa kiti cha mbele kwenye sikukuu ya akina mama. Huruma ile ilikuwa mali yake kubwa. Akainuka, akarudi kwa kushika nguzo na ukuta.

Jumuiya ilikutana Jumamosi kwake, kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Tulibanana sebuleni, wengine wamekaa mlangoni, katekista na Biblia yake. Bibi alisimama nje dirishani, kama kawaida yake kwa mambo ya watu wa sakramenti. Nia zilipoanza kutolewa, bibi mkubwa aliomba ainuliwe akae.

"Yule aliye dirishani," akasema, "sikuletewa. Nilimfuata. Nilikuwa nalima peke yangu, nalinda ndege peke yangu kwenye dungu, mume yuko kwenye pombe. Nikamwambia mume tutafute mtu. Akasema katafute. Nikapanda Mahenge kwa miguu, jembe la posa nimelibeba mimi kichwani, nikalitoa mimi kwa wazazi wake. Walikubali. Ilikuwa ndoa. Mkija kunipa pole, nilizipokea tu."

Alipomaliza alilazwa. Katekista alifuta miwani. Mama mmoja akaanzisha wimbo kwa sababu hapakuwa na jambo lingine la kufanya. Nje, Bibi alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Nilimwona analia, na ilinikasirisha kwamba nimeishi naye miaka yote hiyo, nasahihisha madaftari ya watoto wa watu kwenye mwanga wa vinara vyake, na sikujua kuwa hilo ndilo alilokuwa akilingoja.

Bibi mkubwa alikufa masika hayo hayo. Misa ilikuwa kubwa, na vinara vya Bibi vilisimama kichwani mwake, vikawaka mpaka mwisho. Bibi alivitazama kutoka benchi la nyuma. Baada ya maziko, baba mdogo alipoinama kuvibeba kuvirudisha nyumbani, akamzuia.

"Viache hapa."

"Mama, ni vyako."

"Limeshasemwa mbele ya watu. Sasa vya nini chini ya kitanda? Viache wavitumie watu."

Katekista akamshika mkono, waumini wakisikia, akasema: "Mama, siku yako ikifika, vitakuwa hapa." Na sisi kwetu neno likishasemwa mbele ya watu hadharani, limekwisha, hakuna anayelirudia wala kuomba liandikwe. Hatukufikiria kwamba watu wenyewe huhama, huzeeka na kusahau. Katekista yule alistaafu akahamia kwa watoto wake. Wajumbe wa zamani wa halmashauri walipungua. Vinara vikabaki mbele ya kanisa, vyeusi, kimoja kinachechemea.

Bibi alikufa baada ya miaka mingi, ghafla, ametoka shamba, amekaa kizingitini kuvua viatu vya mpira. Kiatu kimoja kilikuwa bado mguuni.

Padre alikuwa vigangoni ng'ambo ya mto, hakupatikana. Tulikwenda kwa katekista mpya, mimi na baba mdogo. Alikuwa kijana mpole, amesoma, anatusikiliza ameinamisha kichwa. Alitupa pole. Kisha akaeleza, bila ukali wowote, kwamba marehemu hakuwahi kurudi kwenye sakramenti, hivyo atakuja kumwombea nyumbani.

"Hatuombi misa," nikasema. "Tunaomba vinara tu. Ni vyake."

"Vya nani, mwalimu?"

"Vya marehemu. Alivitoa yeye."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. Akatuonyesha kwa mkono, pale mbele. "Vile? Vile vililetwa na mapadre wa kwanza. Vimetoka Ulaya. Wazee wetu walivibeba vichwani. Haviwezi kutoka kanisani."

"Vimefuliwa Mlabani," nikasema. "Nilizungusha feni mimi."

"Mwalimu, msiba unachanganya akili, si wewe tu." Akamgeukia mama mmoja aliyekuwa anapanga maua. "Mama, vile vinara vya wapi?"

"Vya Wajerumani," mama akasema, bila hata kugeuka. Alikuwa mtu wa jumuiya yetu. Nadhani aliamini.

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema na baadhi yake hayafai kanisani. Nilimtazama baba mdogo, mjumbe wa halmashauri, aseme lolote. Alikuwa anavitazama vinara vyake kama Jumapili ile ya kwanza. Kazi yake ilikuwa nzuri mno, hilo ndilo lililokuwa kosa. Akasema, "Asante, katekista," akatoka.

Kwetu msibani hakuna anayetwanga, hakuna anayepasua kuni karibu na nyumba, hata mlango unafungwa taratibu. Uani palikuwa pamejaa wanawake waliokaa kwenye mikeka. Katikati ya maombolezo tukasikia nyundo. Ilitoka kibandani, kwenye kile kipande cha reli, kali, bila kupumzika. Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja. Mama mmoja mgeni aliuliza ni nani huyo asiye na adabu, anafanya kazi mama yake yuko ndani. Bibi mmoja wa kwetu akamjibu, "Mwache. Analia."

Nilikwenda kuzungusha feni. Hakusokota kitu, muda haukuwepo. Alikata chuma, akakipasua chini, akakunja miguu, akatoboa visahani akavivisha pete. Vilikuwa vinara vya kawaida vya Mlabani, vya rangi ya chuma kilichotoka motoni, na mtu yeyote angeweza kuona ni vya leo.

Jeneza lilikuwa limeshatolewa uani na katekista alikuwa amefungua kitabu. Tukavisimamisha kushoto na kulia. Lakini chuma kilikuwa bado cha moto, mishumaa ilipochomekwa ililainika chini ikaanza kulala. Katekista akasita. Basi baba mdogo akashika mshumaa wa upande wake kwa mkono, na mimi nikashika wa upande wangu, tukasimama hivyo sala zote, mpaka vilipopoa. Nta ilinichuruzikia vidoleni, na sikuuachia.